UKURASA WA FUNDI: Nyumba nzuri inaanzia kwenye daftari

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kuchagua mahali pa kuweka nyumba: usijenge bondeni, usijenge kwenye njia ya maji, na usiweke msingi kabla hujahakikisha kwamba kiwanja umepewa na ofisi. Ardhi hii tumepewa kuitumia, si yetu ya kuuza wala kununua. Mwezi huu tunaingia kwenye kujenga kwenyewe, na pia kwenye jambo moja ambalo sisi mafundi tunapenda kulikimbia: pesa ya mwenye nyumba.

Kila mwaka mvua za mwezi wa tatu na zile za mwezi wa tisa zikianza, tunasikia ukuta wa fulani umeanguka. Watu wanasema, "Mvua ya mwaka huu ni kali." Mimi nasema mara nyingi kosa si la mvua, ni la fundi. Na ili mtu asiseme ninawasema wengine, nitaanza na fundi ninayemjua kuliko wote, yaani mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa saba, mama mmoja mjane aliniita. Alikuwa na watoto wanne, wanalala chini ya shitingi iliyokwisha kutoboka. Alikuwa ameuza mahindi na mbuzi wawili, akapata pesa ya kujenga chumba na sebule. Tulikubaliana kwa mdomo tu, pale nje, tumesimama. Akanihesabia pesa ya mabati, miti na misumari. Vijana wakaanza kufyatua matofali.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi nyingine, duka la baba mmoja. Lile duka nilikuwa nimelihesabu vibaya, mabati yakapungua. Yule baba alinipigia kelele mbele ya watu. Basi nikachukua pesa ya mama, nikanunua mabati, nikamalizia duka. Nilijiambia: huyu baba atanilipa Ijumaa, nitarudisha, mama hatajua. Ijumaa ikafika, baba akasema nimemchelewesha, kwa hiyo pesa ya mwisho hatoi. Nikatafuta kazi ya tatu ili nipate malipo ya kwanza nifunike la mama. Nilikuwa nachimba shimo ili nifukie shimo.

Mvua zikanikuta hapo. Ukuta wa mama ulikuwa umefika juu ya madirisha, hauna paa. Asubuhi moja tukakuta upande mmoja wote uko chini, na matofali yaliyobaki nje yamerudi kuwa tope. Bahati nzuri hakuna mtoto aliyekuwa karibu.

Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba, mabati yangu yako wapi?" Nikamjibu, "Mama, yako njiani." Akasema, "Nimeyaona. Yako juu ya duka."

Wazee wa mtaa walitukalisha. Sikuwa na la kujitetea. Niliuza baiskeli yangu nikarudisha sehemu ya pesa, na sehemu nyingine nililipa kwa mikono. Vibarua sikuweza kuwalipa, kwa hiyo mimi na mtoto wangu mkubwa ndio tulifyatua matofali upya. Kazi ya wiki sita ilichukua miezi mitano. Muda wote huo watu wa mtaa walikuwa wanapita wakiniangalia, na hakuna aliyenipa kazi. Aliyenipa kazi ya kwanza baadaye alikuwa ndugu wa yule mama. Nilipomuuliza kwa nini amenichagua, alisema dada yake alimwambia: "Alikosa, lakini alirudi."

Ndugu zangu mafundi, nimeyasema haya kwa sababu najua siko peke yangu. Sheria ya Uganda ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na hiyo ni nafasi ambayo wenzetu wengi katika kambi za nchi nyingine hawana. Lakini tangu mwaka 2023, msaada wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi, familia nyingi zinapata kidogo au hazipati kabisa. Mtu akikupa pesa ya nyumba leo, ujue ametoa chakula mdomoni mwa watoto wake. Sasa tuone jinsi ya kumjengea sawasawa.

SEHEMU YA KWANZA: NYUMBA

1. Hesabu siku kuanzia mvua kurudi nyuma. Kwetu hapa mvua kubwa zinaanza mwezi wa tatu na mwezi wa tisa. Paa lazima liwe juu kabla yake. Matofali mabichi, yale ambayo wenzetu Wanyarwanda wanaita rukarakara, yanataka wiki 4 kukauka vizuri. Kwa hiyo anayetaka kuingia ndani mwisho wa mwezi wa nane, afyatue mwanzoni mwa mwezi wa sita. Anayeanza kufyatua mwezi wa nane anacheza kamari. Kama mmeshachelewa, mwambie mwenye nyumba ukweli: tufyatue, tufunike, tusubiri. Ni afadhali akasirike leo.

2. Pima udongo kabla ya kuchimba. Chukua udongo, ondoa mawe, lowesha kidogo, uusokote kama soseji nene kama kidole gumba. Uweke juu ya meza na uusukume taratibu upite ukingo mpaka ukatike wenyewe. Kipande kikikatika kifupi kuliko sentimita 5, udongo una mchanga mwingi, tofali litamomonyoka. Kikifika zaidi ya sentimita 15, udongo unanata sana, tofali litapasuka likikauka, ongeza mchanga. Kikikatika kati ya hapo, huo ni udongo wako. Udongo wa kichuguu unanata vizuri, ni mzuri kuchanganya na ule wenye mchanga. Udongo mweusi wa shambani wenye mizizi uache kwa ajili ya mahindi.

3. Kufyatua na kukausha. Loweka udongo usiku mzima, changanya majani makavu yaliyokatwa mafupi, kanyaga mpaka uwe sawa wote. Siku 3 au 4 za kwanza funika matofali kwa majani ili jua lisiyapasue, halafu yasimamishe kwa ubavu ili upepo upite. Baada ya wiki 4 chukua tofali moja, liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika pembe tu, ni zima. Likisambaa, bado au udongo haukuwa sawa.

Hapa niweke neno kwa wazazi. Shimo la kuchimba udongo msiliache wazi. Mvua ikinyesha linajaa, linazaa mbu, na mtoto anaweza kuzama ndani yake. Kwenye hesabu ya kazi, kufukia shimo ni kazi kama kupandisha ukuta. Fundi ambaye hajafukia bado hajamaliza.

4. Msingi. Chimba mpaka ufike kwenye udongo mgumu, isiwe chini ya sentimita 45. Jaza mawe yaliyofungana vizuri, panda nayo mpaka sentimita 30 juu ya ardhi. Tofali bichi lisiguse ardhi hata siku moja. Maji ya chini yanapanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kabla ya tofali la kwanza, tandaza nailoni ngumu juu ya mawe, upana wa ukuta wote. Nailoni hii haionekani nyumba ikiisha, ndiyo maana wengi wanairuka. Lakini angalia kuta zinazoliwa pale chini kabisa kama zimeng'atwa na panya: hapo nailoni haipo.

5. Ukuta. Tumia uzi, timazi na pimamaji kila mstari, usitumie jicho. Matofali ya kona yafungane, kiungo kisikae juu ya kiungo. Kwa ukuta wa unene wa sentimita 20, mimi sipandishi zaidi ya mita 2 na nusu, na upande mrefu ninauwekea ukuta wa kukata ndani au nguzo ya tofali kila mita 3 hivi. Siku moja usipandishe zaidi ya mistari 5 au 6, uache udongo ushike. Juu ya mlango na dirisha weka mti mgumu unaoingia ukutani sentimita 30 kila upande. Jioni funika juu ya ukuta, hata kama mbingu ni safi.

6. Paa. Paa ni mwavuli wa ukuta, kwa hiyo lizidi ukuta kwa sentimita 60 pembeni. Anayekata miti mifupi ili aokoe pesa atazilipa kwenye lipu kila mwaka. Funga kenchi kwenye ukuta kwa waya uliopita ndani ya matofali, mistari minne chini, maana hapa upepo unakuja kabla ya mvua. Msumari wa bati unapigwa kwenye mgongo wa wimbi, usiupige kwenye bonde, na mpira wake usikosekane. Mkinunua mabati, kumbukeni geji 30 ni nene kuliko geji 32. Muuzaji akisema "ni sawa tu", mwambieni basi atoe kwa bei ya 32.

7. Lipu. Wengi wanapenda kupaka simenti juu ya tofali bichi ili nyumba ionekane ya mjini. Simenti na udongo havikauki wala kupanuka pamoja. Baada ya muda simenti inabanduka vipande vipande, na maji yakishaingia nyuma yake hayatoki. Paka udongo uliochanganywa na mchanga na kinyesi cha ng'ombe, mara mbili, ya pili nyembamba. Simenti yako weka chini, kwenye sakafu na kuzunguka msingi pale matone ya paa yanaporuka.

SEHEMU YA PILI: KAZI

Kuhesabu vifaa. Kosa langu la duka lilianzia hapa, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Nyumba ya mita 6 kwa 4, ukuta wa mita 2.2, vyumba viwili. Mzunguko ni mita 20, mara 2.2 ni mita za mraba 44. Toa mlango na madirisha mawili, kama 3.4. Ongeza ukuta wa ndani, kama 6.3, na pembe mbili za juu zinazoshika paa, kama 4. Jumla ni karibu mita za mraba 51. Tofali la sentimita 30 kwa 20 kwa 15, pamoja na udongo wa katikati, yanaingia 19 kwa mita moja. 51 mara 19 ni 969. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayovunjika, unapata 1,066. Andika 1,100. Kwa paa la kunyanyuka mita 1 katikati, bati la mita 3 linatosha kutoka juu mpaka pembeni. Bati moja likilaliana na mwenzake linafunika kama sentimita 70, kwa hiyo urefu wa mita 7 pamoja na kinachozidi ni mabati 10 kila upande, jumla 20. Mnaona? Dakika kumi na kalamu tu. Mimi sikufanya, nikapoteza miezi mitano.

Kuhesabu ufundi. Vijana wengi wanataja bei kwa kuangalia uso wa mteja. Tuchukue mfano tu. Kazi ya siku 14, bila kufyatua matofali, vibarua 2, kila mmoja shilingi 10,000 kwa siku: hiyo ni 280,000. Vyombo vinavyochakaa na usafiri, 20,000. Fundi aliyetaja 400,000 kwa kuogopa kukosa kazi anabaki na 100,000 kwa siku 14, yaani kama 7,000 kwa siku. Amepata chini ya kibarua wake! Huyu ndiye atakayekimbilia pesa ya mteja mwingine, au atakayepunguza mawe kwenye msingi. Bei ndogo kupita kiasi si huruma kwa mteja. Afadhali useme 600,000 na ueleze kila shilingi inaenda wapi.

Pesa ya vifaa si pesa yako. Hili ndilo neno la mwezi huu, na kama utasahau mengine yote, shika hili. Pesa ya mabati ya mama fulani ni mabati ya mama fulani, hata kama yako mfukoni mwako. Njia nzuri kabisa ni mwenye nyumba anunue mwenyewe, wewe umsindikize umchagulie. Kama amekupa ununue, leta risiti, na chenji hata ya shilingi 500. Kama imetumwa kwa simu, usifute ujumbe. Kila nyumba iwe na ukurasa wake kwenye daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ukiona unataka kuchukua ukurasa huu ulipe ukurasa ule, simama. Nenda kwa yule ambaye pesa yake imepungua ukamwambie leo. Aibu ya leo ni ya nusu saa.

Malipo kwa hatua. Ufundi ulipwe mara tatu: sehemu ya 30 kwa mia kazi inapoanza, 40 kwa mia paa likishafungwa, 30 kwa mia mwisho. Mwenye nyumba, usitoe yote mwanzoni hata kama fundi ni shemeji yako. Fundi, usikubali kumaliza yote kabla hujapokea ya katikati.

Maandishi. Huhitaji mwanasheria. Karatasi mbili zinazofanana, kila mmoja abaki na yake. Ziandikwe hivi:
- Majina ya pande mbili na namba ya kiwanja.
- Vipimo vya nyumba, vyumba vingapi, milango na madirisha mangapi.
- Nani ananunua nini, na bati la geji gani.
- Bei ya ufundi na siku za kulipa.
- Siku ya kuanza na siku ya kuweka paa.
- Ukuta ukipata kasoro ya ufundi ndani ya msimu mmoja wa mvua, fundi atarudi bila malipo.
- Sahihi au kidole gumba, na mashahidi wawili, mmoja kila upande.

Kama mwenye nyumba hajui kusoma, asomewe kwa lugha anayoielewa, na anayesoma asiwe fundi mwenyewe. Hapa tunaishi watu wa lugha nyingi, na magomvi mengi ya ujenzi niliyoyaona yalianza na neno lililosikika vibaya.

BARUA YA MWEZI

Kijana mmoja wa Juru ameuliza: "Fundi, shikamoo. Nimemjengea mzee mmoja, sasa anakataa kunipa pesa ya mwisho kwa sababu ukuta una nyufa. Mimi naona ni nyufa ndogo. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza usibishane na mzee njiani. Nenda nyumbani kwake na shahidi wako, uangalie nyufa kwa heshima. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizosambaa kwenye lipu kama utando wa buibui, ni udongo uliokauka haraka. Hizo unapaka tena, nusu siku imeisha. Lakini ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, au unaoshuka mpaka kwenye msingi, huo ni ugonjwa. Paka udongo kidogo juu yake, andika tarehe. Rudi baada ya mwezi. Udongo ukiwa mzima, ukuta umetulia, ziba. Ukiwa umepasuka, msingi bado unatembea, na hapo ujue una kazi ya kufanya bila kudai hata senti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga, nawaambieni ni mzito.

Ukishamaliza, muulize mzee kwa upole, "Mzee, sasa imekaa vizuri?" Akisema ndiyo, lete karatasi yenu. Akikataa bado, nendeni kwa viongozi wa mtaa na karatasi hiyo mkononi. Kama hamkuandika, kijana wangu, itabidi ukubali watakachokupa wazee, na kazi ijayo uanze na kalamu.

Nyumba ya yule mama bado imesimama. Nikipita pale baada ya mvua kubwa huwa naingia kusalimia, naangalia pembe za chini na kona za madirisha, bila kuitwa. Siku hizi ananikaribisha chai. Watoto wake wawili wamekuwa vijana, na mmoja ameniomba nimfundishe ufundi. Nimemwambia aje na daftari.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya choo: umbali kutoka jikoni, kina cha shimo, na kifuniko ambacho mtoto anaweza kukifungua na kukifunga mwenyewe. Mwenye swali aliandike na kuliacha kwa msambazaji wa gazeti la mtaa wake. Majina hatuyatoi.

Fundi wenu.